Anwani Zilizopakana

Singida, 12 Januari 2025

Mwanangu Farheen,

Salaam alaikum. Naamini wewe na mumeo Naqi mko salama, na kwamba kikohozi cha mjukuu wangu Zahraa kimepungua. Mimi mzima. Goti linauma mvua ikinyesha, na huku inanyesha kila siku, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Usishangae kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu tunaongea Kikachi chetu cha nyumbani, na kwa Kikachi mimi na wewe tunagombana hata salamu hazijaisha. Kiswahili nakiandika taratibu, nafuta, naanza tena. Clinton amenifungulia barua pepe kwenye kompyuta ya marehemu baba yako, hapa ofisini.

Ndani ya kompyuta hiyo nimekuta jambo. Tangu Hasanali alipotutoka mwezi wa tano sikuwahi kuzigusa barua zake. Juzi nikajikaza. Kuna moja ya Novemba, imetoka kwa wale wa rejista wanaogawa anwani za intaneti. Clinton akanisomea. Wanasema tangu mwaka 2017 wametuwekea nafasi ya akiba kando ya nafasi yetu, kwamba hatujaiomba wala kuizungumzia, na tusipojieleza kabla ya tarehe 30 Aprili wataitoa kwenye akiba na mwingine anaweza kupewa.

Mimi nikaelewa ni kiwanja. Nikatafuta hati siku mbili, nikapekua mpaka masanduku ya nguo. Nikaenda ofisi ya ardhi, nikamwambia bwana wa masjala, "Mume wangu alikuwa na nafasi ya akiba imepakana na yetu." Akauliza kitalu namba ngapi. Nikampa zile namba zenye nukta katikati. Akazitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, hizi si za ardhi. Hizi ni za kompyuta." Kisha akaniletea kiti na maji ya kunywa, ndiyo aibu ikazidi.

Sasa hii ndiyo kazi yako huko Kanada. Clinton ni fundi hodari, lakini akieleza anaeleza kwa mafundi. Nieleze mimi. Ni kitu gani hicho tulichowekewa, na kikiondoka tunapoteza nini?

Mbusu Zahraa kwa ajili yangu.

Mama yako

---

Thornhill, 19 Januari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wote wazima. Kikohozi cha Zahraa kimekwisha, sasa ninacho mimi. Theluji imefika magotini, na kila asubuhi Naqi analifukua gari kana kwamba anachimba kisima. Nimecheka habari ya ofisi ya ardhi mpaka wenzangu kazini wakaniuliza kulikoni. Nisamehe.

Hukukosea sana, Mama. Kila kifaa kinachotaka kuonekana kwenye intaneti lazima kiwe na anwani yake, kama nyumba na namba ya mtaani. Mwaka ule Baba alipewa anwani elfu moja na ishirini na nne zilizofuatana. Rejista walijua kampuni changa ya kusambaza intaneti inaweza kukua, kwa hiyo hizo zinazofuata, idadi ileile, hawakumgawia mtu. Waliziacha tupu ili Baba akizijaza za kwanza, apewe zilizopakana nazo.

Kwa nini zipakane? Kwa sababu mitambo mikubwa ya dunia hairekodi kila anwani. Inarekodi fungu: kutoka hapa mpaka pale, peleka Singida. Zikipakana, mafungu mawili yanakuwa moja, mstari mmoja tu. Zikiwa mbali mbali, kila kitu kinaandikwa mara mbili, hapa kazini kwangu, kwa Clinton, na kila mahali. Na siku hizi anwani za aina hii zimebaki chache mno. Ukipoteza za jirani, utapata mbali, au utakosa kabisa.

Hayo ndiyo maelezo. Sasa ushauri wangu, na naomba usikasirike: ziache ziende.

Mama, mwezi wa sita tunaiuza kampuni. Wale wanunuzi wa Dodoma wana anwani zao wenyewe, hawahitaji za jirani. Maombi ya viza yako yamekwenda. Naqi amepaka rangi chumba kile kinachotazama bustani. Msikiti wa Bathurst uko dakika nane kwa gari, na utakuta wanawake wa Tanga, wa Arusha, wa Mombasa, utachoka wewe kusalimia. Kwa nini ujisumbue na barua ya rejista?

Nitasema na lile ambalo kwenye simu silisemi. Baba nilimkuta kaburini, siku ya tatu. Nilipanda ndege tatu nikafika udongo umeshakauka. Hilo sitaki kulirudia kwako. Nataka uwe chumba cha pili, nikuite uje kula.

Mwanao,
Farheen

---

Singida, 27 Januari 2025

Farheen mwanangu,

Salaam. Nimepona goti. Pole na kikohozi; chemsha tangawizi, usimeze vidonge kila saa.

Maelezo yako nimeyaelewa vizuri sana. Ungekuwa mwalimu.

Nina swali moja tu. Tunahudumia mjini, lakini tunahudumia na Mtinko, Ilongero, Mgori, Sepuka na kwingineko, zahanati na shule. Waulize hao wa Dodoma: wakishanunua, huko vijijini watafanya nini?

Mama yako

---

Thornhill, 9 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo, na natumaini mvua imewapa nafasi ya kupumua.

Nimewauliza. Mwanzoni walizunguka zunguka, mwisho wakasema wazi: wateja wa mjini watabaki nao. Vijijini watahudumia mwaka mmoja, kisha wataizima minara, kwa sababu huko hakuna faida.

Najua hukutaka kusikia hivyo. Lakini, Mama, hiyo ni biashara, na wewe una miaka sitini na tatu. Huwezi kuwabeba watu wote wa mkoa mzima. Serikali ipo, kampuni kubwa zipo, watapata njia nyingine.

Niandikie unafikiri nini.

Mwanao,
Farheen

---

Thornhill, 2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Ramadhani karim. Huku tumeanza jana, na Zahraa amefunga mpaka saa sita mchana halafu akatangaza kwamba yake imekwisha.

Wiki tatu hujaniandikia. Nikipiga simu unasema salaam, unasema uko njiani, unakata. Njiani kwenda wapi? Nimempigia Clinton, ameniambia, "Mama amesema nisiseme, dada." Nimemfahamu Clinton miaka minane na hajawahi kunificha kitu.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Hilo angalau nitaweza kulisoma.

Mwanao,
Farheen

---

Singida, 16 Machi 2025

Mwanangu Farheen,

Salaam alaikum na Ramadhani njema. Mwambie Zahraa saa sita ni mwanzo mzuri. Wewe katika umri wake uliishia saa tatu.

Sikukasirika. Nilikuwa nahesabu.

Uliposema hakuna faida vijijini, niligundua kwamba sijui. Miaka yote hii mimi nilikaa dukani, baba yako ndiye aliyepanda na kushuka. Nikamwambia Clinton, washa gari. Tangu barua yako mpaka mwisho wa Februari, kabla ya mfungo, tulizunguka. Nilipeleka daftari na kalamu nne. Kila mahali niliingia ndani, nikauliza: kifaa chetu kiko wapi, kina anwani zipi, nani anakitumia, na ufunguo wa chumba anao nani. Matope, Farheen! Sepuka tulivutwa na ng'ombe wawili. Nilibaki ndani ya gari nimeshika usukani, Clinton nje anapaza sauti, "Mama, kata kushoto!" na mimi sijawahi kuendesha kitu chochote maishani.

Nimekuta mahali thelathini na moja. Unajua rejista wanajua pangapi? Tisa. Baba yako aliacha kuwaandikia mwaka 2019. Mengine yote alikuwa nayo kichwani, na kichwa chake hatunacho tena. Ndiyo maana walidhani tumelala.

Nikueleze habari ya Mtinko. Muuguzi pale kwenye zahanati ni mwanamke mwembamba, mkali, hana muda wa wageni. Nikamuuliza, "Hii intaneti mnaifanyia nini?" Akasema, "Subiri." Akamalizana na mgonjwa, akanionyesha kompyuta. Mama mjamzito akija na dalili asizozielewa muuguzi, anapiga picha ya vipimo na kuituma hospitali ya mkoa, na daktari anamjibu wakati mgonjwa bado amekaa kitini. Nikamuuliza, "Na kabla ya hapo?" Akasema, "Kabla ya hapo nilikuwa nabahatisha, mama. Nilikuwa napandisha watu kwenye pikipiki na kubahatisha." Halafu akaniuliza kama ni kweli tunafunga huduma. Sijui nani alimwambia. Nikasema hatufungi.

Basi nilishasema. Siwezi kumrudia kumwambia nilikuwa natania.

Siuzi, mwanangu. Na kuja kuhamia huko siji. Nitakuja kutembea, nitakaa mwezi, nitakula chakula chako kisicho na chumvi. Lakini siji kukaa nikitazama bustani.

Sasa naomba msaada. Nataka kuwajibu rejista kabla ya tarehe 30 Aprili, waendelee kutuwekea zile anwani za jirani. Wanataka hesabu ya matumizi, mchoro wa mtandao, na mpango wa kukua. Inatakiwa tuwe tumejaza angalau asilimia themanini ya tulizonazo, na kwa hesabu yetu mimi na Clinton tumefika themanini na tano. Nimekuambatanishia daftari lote, Clinton amelipiga picha. Wewe ndiye unayejua kuyapanga haya. Kama hutaki, niambie mapema nitafute mtu mwingine. Sitakulaumu.

Mama yako

---

Thornhill, 5 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Idi mubarak iliyochelewa. Najua nilikupigia siku ya Idi, na najua nilikuwa na sauti ya karani wa benki.

Barua yako nilipoisoma nilikasirika sana. Nilikuwa kwenye gari nje ya msikiti, pale Bathurst, nikakaa humo saa nzima watu wanaingia na kutoka. Naqi akaja kunitafuta. Nikamwambia, "Ananiacha. Nimemtengenezea kila kitu na anachagua minara." Naqi akafikiri kidogo, unamjua alivyo, akasema, "Farheen, hujawahi kumuuliza kama anataka kuja. Mimi pia sikumuuliza. Tulipaka rangi tu."

Nilimkasirikia mpaka nyumbani. Lakini usiku huo nililala vizuri, jambo ambalo lilinishangaza.

Nimelisoma daftari lako, kurasa zote arobaini na mbili. Mama, nafanya kazi na watu wenye shahada tatu na sijawahi kuona hesabu safi namna hii. Umeandika mpaka rangi ya mlango.

Lakini kuna matatizo mawili, na nitayasema wazi.

La kwanza: vijiji vya Merya na Ihanja vina anwani zilezile. Clinton alizinakili kutoka sehemu moja kwenda nyingine, bila shaka kwa haraka. Ndiyo maana Ihanja intaneti inakatika Merya wakiwasha. Lazima abadilishe kabla hatujaandika lolote.

La pili ni gumu. Kwenye orodha yako kuna sehemu saba umeweka alama ndogo ya msalaba. Nimemuuliza Clinton. Ni mahali ambapo hamjafika, mnatarajia kufika. Mmezihesabu kana kwamba mmeshafika. Zikitoka, mnabaki na ishirini na nne, na asilimia inashuka kutoka themanini na tano hadi sabini na moja.

Zitoke, Mama. Rejista wakikuta moja tu ya uongo, hawataamini hata Mtinko. Tuziweke kwenye mpango wa kukua, mahali pake.

Mchoro nimeanza kuuchora. Nautengeneza mchana, wakati wa chakula, kantini ya kazini Scarborough. Kuhusu kuuza na kuhama, bado nina maneno. Tutayasema. Hili la rejista tulimalize kwanza.

Mwanao,
Farheen

---

Singida, 20 Aprili 2025

Mwanangu Farheen,

Salaam alaikum. Sisi wazima, mvua zinaaga, alizeti zimeanza kukauka shambani na njia zinapitika.

Uliponiandikia habari ya zile alama za msalaba sikukujibu mpaka leo. Niliona haya. Nilikuwa nimejiambia si uongo kwa sababu nia ninayo. Nikamwuliza Clinton, "Tukiandika sabini na moja, watatukatalia?" Akasema, "Huenda, Mama." Nikamuuliza, "Na tukiandika themanini na tano?" Akasema, "Huenda wasijue." Nikakaa na hilo "wasijue" siku nzima dukani, nikauza betri na nyaya. Jioni nikazifuta zote saba kwa mkono wangu.

Halafu tukafanya kazi. Merya na Ihanja zimeshatenganishwa. Siku ya Jumanne Clinton alikosea tarakimu moja, akaizima zahanati ya Mtinko badala ya kifaa chetu cha Ihanja. Muuguzi alinipigia mimi, si Clinton. Alisema maneno ambayo sitayaandika katika mwezi huu wala mwezi mwingine. Tulikwenda kule mbio, tukairudisha ndani ya saa tatu, na Clinton akamwomba radhi amesimama kama mwanafunzi. Kosa lenyewe limetokana na yeye kuwa peke yake, anashika kila kitu. Nimeshaanza kumtafutia msaidizi, fundi aliyesoma.

Shule ya Mgori, moja ya zile saba, imeunganishwa wiki iliyopita. Ile ya Sepuka juzi. Kwa hiyo sasa ni ishirini na sita kwa haki, na Clinton anasema tumefika sabini na tano. Themanini hatufikii kabla ya tarehe. Basi tuandike sabini na tano.

Niliwaarifu rejista kwamba tunajieleza, nao wamenijibu kwamba mtu wao atazungumza nasi kwa video tarehe 28, saa kumi alasiri kwetu. Wewe uwepo. Lakini nitazungumza mimi. Nikikwama nitakutazama.

Mama yako

---

Thornhill, 29 Aprili 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo, shikamoo mara mbili.

Jana tulipokata simu nilisema tu "vizuri" na nikaenda kwenye mkutano mwingine. Kwa hiyo naandika, ili ubaki nayo.

Nilikuwa nimejifungia kwenye chumba kidogo cha mikutano. Nilikuwa na karatasi kumi na mbili mbele yangu za kukusaidia. Wewe ulivaa ile shali ya kijani na ulikuwa umeketi wima kama unapiga picha ya pasipoti. Yule dada wa rejista, Jepkosgei, alipoanza kwa Kiingereza nikafungua mdomo nitafsiri, na wewe ukamwambia, "Mwanangu, jina lako ni la Kenya. Kiswahili unakijua?" Akacheka, akasema, "Nakijua, Mama. Tuendelee nacho basi."

Halafu akawa mkali, na ni kazi yake. "Kumbukumbu zetu zina wateja tisa. Nyinyi mnasema ishirini na sita. Nitaamini vipi?"

Nikaanza kutafuta karatasi ya nne. Wewe ukasema, "Chagua namba yoyote kwenye orodha niliyokutumia. Nitakwambia iko wapi."

Akachagua. Ukafumba macho, Mama! Ukasema, "Hiyo ni Ilongero, shule, chumba cha walimu, kifaa kiko juu ya kabati la vitabu. Ufunguo anao mwalimu wa hesabu."

Akachagua nyingine. "Hiyo ni Mtinko, zahanati. Piga simu sasa hivi, muuguzi atakujibu, lakini usimpotezee muda."

Akachagua ya tatu, ile niliyokuwa naomba asiichague. Ukasema, "Hiyo haina mtu. Radi ilichoma kifaa mwezi wa pili, wenyewe bado hawajanunua kingine. Tumeiandika tupu."

Nilimwona anaandika. Kisha akauliza, "Mama, mko sabini na tano. Masharti ni themanini. Kwa nini tusiirudishe hiyo akiba, na nyinyi mkikua mje muombe popote zitakapopatikana?"

Hapo ukanitazama. Nilidhani umekwama. Nikavuta pumzi nijibu kuhusu mistari na mitambo, mambo yote niliyoyaandaa. Kumbe ulikuwa unanitazama tu. Ukamgeukia ukasema, "Kwa sababu fundi wangu ni mmoja. Wiki mbili zilizopita alikosea tarakimu moja na zahanati ikazima saa tatu. Hayo ni kwa fungu moja lililonyooka. Ukinipa vipande viwili, kimoja huku na kingine kule, atakuwa na mambo mara mbili ya kukosea, na anayeumia si yeye wala mimi. Siombi mnipe leo. Naomba mniachie nafasi ile niifikie. Nikishindwa, mwaka ujao nitakuandikia mimi mwenyewe kwamba nimeshindwa."

Sikutumia hata karatasi moja. Mwenzangu alipogonga mlango kuuliza kama chumba kiko wazi alinikuta nalia, akarudi nyuma na kufunga mlango taratibu.

Sijui watajibu nini. Lakini leo asubuhi niliwapigia wa Dodoma, nikawaambia hatuuzi. Wakaniuliza sababu. Nikawaambia mwenye kampuni hajachoka.

Na nina jambo la kuomba radhi. Nilikuwa nakuita uje ili mimi nisiogope. Naogopa bado. Lakini hilo nitalibeba mwenyewe. Si kazi yako kulibeba.

Mwanao,
Farheen

---

Singida, 21 Mei 2025

Mwanangu Farheen,

Salaam alaikum. Sote wazima, na leo ndiyo mwaka umetimia tangu baba yako atutoke. Tumesoma hitma, watu wamekuja wengi, hata muuguzi wa Mtinko amekuja, akaketi nyuma, akaondoka bila kula kwa sababu alikuwa na zamu.

Jibu limekuja jana. Hawakutupa zile anwani. Usiruke mstari, soma mpaka mwisho. Wametuongezea muda wa miezi kumi na minane. Kwa muda huo nafasi ya jirani itabaki tupu, haitagawiwa mtu. Tukifika themanini tunaomba na tunapewa zilizopakana, moja kwa moja. Kila miezi sita tupeleke taarifa. Jepkosgei ameandika mwishoni kwamba kumbukumbu zetu sasa ziko sawa, na kwamba anapenda kuziona hivyo siku zote.

Clinton aliruka. Mimi nilikwenda jikoni nikapika chai, nikasahau kuweka majani.

Tumebakiza mahali patatu au panne tu kufika themanini. Msaidizi amepatikana, binti wa hapa Singida aliyemaliza chuo Dodoma, anaitwa Shafina, mkali kuliko Clinton. Siku ya kwanza amemkuta na makosa mawili.

Tiketi nimekata, nafika kwenu tarehe 8 Julai na kurudi Agosti. Msinifanyie sherehe.

Jambo la mwisho. Rejista wanataka kila kampuni iwe na watu wawili wa kuwasiliana nao, ili mmoja akiondoka yasitokee yale ya barua kukaa miezi bila kusomwa. Wa kwanza ni mimi. Wa pili nimeandika jina lako. Sikukuuliza kwanza, na kwa hilo nimefanana na wewe na rangi yako ya chumba. Watakutumia ujumbe kukuuliza kama unakubali. Una haki ya kukataa, na nitamwandika Shafina. Kazi yenyewe haina mshahara, na mwenye kampuni ni mtu wa kelele.

Mama yako

---

Thornhill, 23 Mei 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tumesoma hitma ya Baba huku pia, na Zahraa ameniuliza babu yake alifanya kazi gani. Nimemweleza dakika ishirini nzima, kwa Kiswahili, na alikuwa akinijibu kwa Kiingereza lakini hakuondoka.

Ujumbe wa rejista umefika leo mchana. Ni maneno machache: jina la kampuni, jina langu, na swali moja chini yake.

Nimekubali. Nitumie ramani ya mahali panne tulipobakiza, na namba ya simu ya Shafina.

Mwanao,
Farheen